Ufunguo wa Wote

Mtu akiniuliza ni kazi gani iliyonifundisha zaidi juu ya haki, nikimjibu kwamba ni ile ya kuweka utaratibu wa kuwatambua watumiaji katika kompyuta tatu zilizopangwa juu ya rafu, ndani ya chumba kidogo nyuma ya ofisi mjini Karatu, ataona namfanyia mzaha. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Na kwa kuwa mkosaji katika kisa hicho ni mimi mwenyewe, naona afadhali nikisimulie kwa kinywa changu kuliko kusubiri kisimuliwe na wengine.

Karatu, kwa asiyepajua, ni mji wa mwisho kabla ya kupanda Ngorongoro. Udongo wake ni mwekundu na asubuhi zake za mwezi wa Julai ni za baridi kali. Magari ya wageni hulala pale, na alfajiri hupanda kuelekea lango la Lodoare, ambalo hufunguliwa saa kumi na mbili. Mimi niliingia katika shughuli za utalii nikiwa karani wa kupeleka karatasi langoni, zama ambazo oda zote za wageni zilikaa ndani ya daftari moja kubwa la jalada jeusi. Kompyuta nilijifunza ukubwani, kwa kuulizauliza na kwa kuharibu. Hatimaye kampuni niliyoitumikia ikanikabidhi mashine zake zote, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyezitaka.

Tulikuwa na programu tatu: ya oda za wageni, ya ratiba ya magari na ya hesabu. Zamani zote zilikaa katika kompyuta moja, na umeme ukikatika vibaya kompyuta ile ikafa, kampuni nzima ilikuwa kipofu. Kwa hiyo mwaka 2022 tulizihamishia katika mpango wa kontena. Kontena katika lugha ya kompyuta ni kama lile la bandarini Dar es Salaam: programu inafungwa pamoja na kila inachohitaji, na meli inayolibeba haina haja ya kujua ndani mna nini. Kompyuta tatu zinaunganishwa ziwe kundi moja, ndilo waitalo klasta, na juu yake anakaa msimamizi anayepanga kontena gani liendeshwe na mashine ipi. Mashine moja ikianguka, mbili zilizobaki huubeba mzigo. Msimamizi huyo ni programu iitwayo Kubernetes, iliyotangazwa na kampuni ya Google mwaka 2014, na toleo lake la kwanza kamili likatoka Julai 2015. Jina hilo ni la Kigiriki na maana yake ni mshika usukani. Sisi tulitumia mdogo wake, K3s, aliyetengenezwa kwa ajili ya mashine ndogo kama zetu.

Sasa nije kwenye kiini cha habari hii. Unapoisimika K3s, yenyewe hukutengenezea faili moja dogo. Ndani ya faili hilo mna cheti na ufunguo wa mwenye mamlaka yote. Aliye nalo anaweza kuona kila kitu, kubadili kila kitu na kufuta kila kitu, kwa maana cheti hicho kinamweka mtu katika kikundi ambacho msimamizi hakihoji kamwe. Mimi nililinakili faili lile kwenye kompyuta ya ofisi. Kisha nikampa nakala kijana niliyefanya naye kazi, kwa flashi. Nikampa fundi mmoja wa Arusha aliyetuandikia programu ya magari. Mhasibu naye akaipata, ili aweze kuiwasha upya programu ya hesabu inapokwama. Tulikuwa watu wanne na ufunguo mmoja. Nilijiambia, sisi ni watu wa nyumba moja, kuna haja gani ya kuulizana majina?

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui juu ya Kubernetes, nami sikulijua. Haina daftari la majina ya watumiaji. Huwezi kuifungua ukakuta orodha kwamba fulani yumo na fulani hayumo. Inachofanya ni kuamini neno la anayedhamini. Ukileta cheti kilichotiwa sahihi na mamlaka inayoiamini, jina lililoandikwa juu ya cheti ndilo jina lako, hata kama umekiokota njiani. Basi mbele ya mashine zile, mimi, kijana, fundi na mhasibu tulikuwa mtu mmoja, na jina letu lilikuwa mkuu wa mfumo.

Alfajiri ya tarehe 1 Julai 2023, siku ya Jumamosi, madereva walifika ofisini kuchukua karatasi zao wakakuta programu ya oda haipo. Sisemi kwamba ilikuwa imekwama. Ilikuwa haipo kabisa. Chumba chake ndani ya klasta kilikuwa kimefutwa pamoja na kumbukumbu zake zote. Nakala ya akiba tuliyokuwa nayo ilikuwa ya siku tatu nyuma. Tulikesha siku mbili tukipiga simu mahotelini kuuliza nani analala wapi. Wageni wengine walikaa barazani hadi saa nne wakisubiri gari, huku jua likipanda na wanyama waliofuata kuwaona wakiingia vichakani.

Nilifungua daftari la ukaguzi, yaani kumbukumbu ambazo mashine huandika juu ya kila inachoamriwa. Niliukuta mstari wenyewe. Aliyefuta: mkuu wa mfumo. Kutoka: kompyuta ya ofisi. Saa: nane kamili usiku. Kompyuta ya ofisi sote tuliitumia, tukiwa ofisini na tukiwa nyumbani kwa kuiingilia kwa mbali. Lakini aliyekuwa na tabia ya kufanya kazi usiku wa manane alikuwa mmoja tu, yule kijana. Na wiki mbili kabla alikuwa amelalamika kwamba mkataba wake ni wa muda mno na mshahara ni mdogo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani nimeielewa methali hiyo.

Nilimwita jioni. Nilimsomea ule mstari. Akasema, "Mzee, mimi sikugusa kitu." Sikumjibu. Kesho yake meneja aliponiuliza kama ni yeye, nilisema, "Siwezi kusema kwa hakika, lakini..." Sikuimalizia sentensi ile, wala meneja hakutaka niimalizie. Katikati ya mwezi mkataba wa kijana uliisha, naye hakuongezewa. Alirudisha flashi, akaaga kila mtu kwa adabu, akapanda basi dogo la kwenda kwao Mang'ola.

Baada ya hapo niliingiwa na hofu kwamba bado anayo nakala ya ule ufunguo. Kwa ajili ya hofu hiyo, na si kwa ajili ya haki, nikaanza kuweka utaratibu ambao ningepaswa kuuweka tangu siku ya kwanza.

Nilipokuwa nikisoma namna ya kuufanya, mambo yalinikumbusha lango la Lodoare. Pale langoni askari anaweza kumfahamu dereva kwa miaka ishirini, wamecheka na kutaniana, na bado anamwomba karatasi. Dereva mgeni hukasirika. Dereva mzoefu hunyoosha mkono akaitoa, huku akifunga vioo kwa sababu ya nyani wanaongoja kuiba chakula. Karatasi inasema gari ni lipi, wageni ni wangapi, ni kwa siku ngapi. Na kuvuka lango hakumpi mtu ruhusa ya kwenda kila mahali. Ili kuteremka ndani ya kreta gari hulipiwa ada nyingine, na jioni lazima liwe limetoka. Yaani yapo maswali mawili, na kila moja linasimama peke yake: wewe ni nani, na unaruhusiwa kufanya nini? Kwa miaka yote niliyobeba karatasi zile sikuona kwamba ni maswali mawili. Ilibidi kompyuta zinifundishe.

Kwa swali la kwanza nilisimika programu iitwayo Keycloak, ambayo kazi yake ni kuwajua watu. Kila mtu alipata jina lake na neno lake la siri, pamoja na tarakimu sita zinazobadilika katika simu yake kila baada ya sekunde thelathini. Ukijitambulisha vizuri, inakupa tokeni iliyotiwa sahihi, inayosema wewe ni nani na uko katika kikundi gani. Kubernetes niliiambia ni mdhamini yupi wa kumwamini, na katika tokeni isome wapi jina na wapi kikundi. Tokeni ikishatolewa haiwezi kunyang'anywa kabla ya muda wake, kwa hiyo dawa ni kuifupishia maisha. Sisi tuliipa dakika kumi na tano.

Programu zinazojiendesha zenyewe nazo zinahitaji utambulisho. Kwa hizo Kubernetes ina akaunti maalumu, na nilitaka kila moja iwe na ya kwake. Kwa swali la pili niliandika kanuni za idhini: mhasibu aweze kuwasha upya programu ya hesabu tu, fundi aguse chumba cha magari tu, na mamlaka ya kufuta yabaki kwa wachache. Kanuni hizo hutoa ruhusa, hazikatazi. Usichopewa huna.

Kazi haikuwa nyepesi. Kwa jioni nzima mashine moja kati ya tatu ilikataa kila tokeni, na wenzake wawili wakizipokea. Nilibadilisha kila nilichoweza kubadilisha. Mwisho niligundua kwamba saa yake ilikuwa mbele kwa karibu nusu saa, hivyo kila tokeni ilipofika kwake ilionekana imekwisha kufa. Siku nyingine Keycloak yenyewe ilizimika, na kwa kuwa nilikuwa nimeiweka ndani ya klasta ile ile, nilijikuta nimesimama nje ya nyumba na ufunguo uko ndani. Tangu hapo tuliweka cheti kimoja cha mamlaka yote ndani ya bahasha iliyotiwa lakiri, katika kasha la chuma la mhasibu, na yeyote anayeifungua anaandika jina lake, tarehe na sababu.

Lililobaki ni ufunguo wa zamani. Hapa nilipigwa na butwaa. Cheti cha namna ile hakifutiki. Kubernetes haina orodha ya vyeti vilivyobatilishwa ambayo ningeliandika jina lake humo. Kingeendelea kukubaliwa hadi muda wake uishe, yaani mwaka mmoja tangu kilipotolewa, na kwa kuwa kilikuwa kimefanywa upya majuzi, miezi mingi ilikuwa imebaki. Njia ilikuwa moja, kubadili mamlaka yenyewe inayotia sahihi vyeti vya watumiaji, ili vyote vya zamani vigeuke makaratasi matupu. Nilifanya hivyo usiku wa Jumapili ya mwisho ya Julai. Kisha nikaweka mtego: yeyote akijaribu kuingia na cheti cha zamani, nipate ujumbe katika simu.

Ujumbe ulikuja upesi kuliko nilivyotazamia. Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 1 Agosti, saa nane kamili, simu ilitetemeka. Mtu amekataliwa, cheti chake hakitambuliki. Anatoka kompyuta ya ofisi.

Nakiri, ndugu msomaji, kwamba nilifurahi. Nilivaa koti nikatoka mbio katika baridi ile, nikasema moyoni, leo nimemkamata. Mlinzi wa ofisi alikuwa macho, amejifunika blanketi kando ya jiko la mkaa. Akaniambia hakuna aliyeingia wala aliyetoka. Nilifungua mlango. Kompyuta ilikuwa inawaka peke yake. Nikatazama kama kuna mtu aliyeiingilia kwa mbali, hapakuwa na mtu. Ndipo nikafungua orodha ya kazi ambazo kompyuta ile imeagizwa kuzifanya yenyewe kwa saa maalumu.

Kulikuwa na mstari mmoja. Ulisema: kila tarehe mosi ya mwezi, saa nane usiku, futa vyumba vyote vya klasta visivyo na alama ya kudumu. Niliuandika mimi, mwezi wa Februari, ili kusafisha vyumba vya majaribio vilivyokuwa vikitujalia nafasi. Na katikati ya Juni niliihamishia programu ya oda katika chumba kipya, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikasahau kukitia alama. Tulipokirudisha Julai tulikirudisha vile vile bila alama. Laiti si ule ufunguo kukataliwa, usiku ule kingefutwa kwa mara ya pili.

Nilikaa kwenye kiti pale hadi kukapambazuka. Nyani haoni kundule. Mstari wa daftari ulikuwa umeniambia saa nane kamili. Ni binadamu gani anayefanya ovu lake kwa saa kamili isiyozidi hata dakika moja? Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yangu tangu siku ya kwanza. Lakini mahali pa jina paliandikwa mkuu wa mfumo, na jina lisilo la mtu yeyote huweza kuvishwa mtu yeyote. Nilimvisha aliyekuwa mnyonge kuliko sote.

Asubuhi nilimweleza meneja. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kijana arudishwe akikubali. Jumamosi nilikwenda Mang'ola. Sikwenda peke yangu. Nilimwomba mzee mmoja jirani yangu anisindikize, kwa kuwa kuomba radhi nyumbani kwa watu si safari ya mtu mmoja. Unaiacha barabara ya Ngorongoro, unateremka kwa barabara ya vumbi kuelekea Ziwa Eyasi, na baridi ya Karatu inabaki nyuma hadi unavua koti. Ulikuwa wakati wa kuvuna vitunguu. Harufu yake ilitufikia kabla hatujayaona mashamba, na kila penye mfereji watu walikuwa wakijaza magunia.

Kijana alikuwa shambani kwa mama yake. Alipotuona alifuta mikono, akasema, "Shikamoo wazee." Mwenzangu aliitika. Mimi lile neno marahaba lilinikwama kooni, kwa sababu ni neno la mtu anayestahili kuamkiwa. Mama alituwekea viti chini ya mti na chai ya maziwa. Mzee alifungua mazungumzo, kisha akaniachia. Nilisema yote bila kupunguza, hata lile "lakini" nililomwambia meneja.

Kijana alisikiliza akitazama chini. Mwisho akasema kwa sauti ya upole, "Mzee, ile kazi ya kila mwezi niliijua. Nilikuwa nimeiona mle kwenye kompyuta. Nilidhani unaikumbuka, kwa sababu ni yako. Ungeniuliza ningekuambia tuangalie hapo. Lakini jioni ile ulinisomea karatasi. Hukuniuliza."

Mama yake alinyanyuka akaenda kuongeza maji motoni. Sikuwa na la kujibu, na mzee wangu naye hakuwa na la kunisaidia.

Hakurudi Karatu. Alisema amenisamehe, na naamini alisema kweli, lakini hakutaka kukaa tena katika chumba kile. Aliniomba kitu kimoja, barua, kwa kuwa alikuwa anaomba kazi Arusha na alijua wataulizia kwa nini aliondoka. Niliiandika usiku ule ule niliporudi. Niliandika kwamba programu ilifutwa kwa kosa langu, si lake, na kwamba aliondoka kwa dhana yangu isiyo na msingi. Chini nikaweka jina langu kamili na sahihi yangu. Kazi aliipata.

Watu husema utaratibu wa kutambuana ni wa kuwazuia wezi. Ni kweli, lakini kwetu hapakuwa na mwizi. Palikuwa na mzembe mmoja na mtu mwema mmoja, na mfumo usiojua kuwatofautisha. Niliyedhani kwamba kumuuliza mwenzangu jina lake ni kutomwamini, sasa naona kwamba kutomuuliza ndiko kulikomwacha bila utetezi. Na nimeona pia kwamba utaratibu huo una mpaka wake. Siku hizi daftari letu linaandika jina la kila mtu na la kila programu, nami kila baada ya miezi mitatu napitia orodha nikiondoa walioondoka. Lakini linapotokea jambo, kabla sijalifungua daftari, nawaita wenzangu tukae, nami nawauliza kwanza wanajua nini.

Bado napita Lodoare mara kwa mara. Wapo askari tunaofahamiana tangu enzi za daftari jeusi. Huniomba karatasi, nami huitoa upesi, kisha nafunga kioo kwa ajili ya nyani.